Mgonjwa wa Moyo na Haki ya Kuelewa Anachoambiwa

Mazungumzo na wagonjwa wa moyo pamoja na familia zao, Isingiro



Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza: ofisi inayoshughulika na mlaji imetafuta nini kwa wagonjwa wa moyo? Mlaji tuliyemzoea ni yule anayepunjwa kwenye mizani, au aliyeuziwa sukari yenye unyevu na mbolea isiyootesha kitu. Lakini mlaji ni kila mtu anayenunua bidhaa au kupokea huduma, na hakuna anayenunua kwa kuhitaji zaidi kuliko mgonjwa. Anayenunua shati asipolipenda hulirudisha. Anayenunua dawa ya moyo hana namna ya kuijaribu kwanza, wala hawezi kuiahirisha mpaka msimu wa kahawa.

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha miongozo ya kumlinda mlaji, na tarehe hiyo ya Machi huadhimishwa hadi leo kuwa siku ya walaji duniani. Katika haki hizo nne, leo tunashika ya pili, yaani haki ya kupewa taarifa, kwa maana moja tu: taarifa usiyoielewa hujapewa.

Mtu aliyepata mshtuko wa moyo, au aliyelazwa kwa sababu moyo wake umechoka kusukuma damu, au aliyepasuliwa na kuwekewa vali, haponi siku anayoruhusiwa kutoka hospitalini. Siku hiyo ndiyo kazi inaanza. Wataalamu huiita kazi hiyo utengamao wa moyo. Maana yake ni mpango wa miezi kadhaa unaokusanya mazoezi ya mwili yaliyopimwa, dawa, chakula, kuacha tumbaku, kutuliza hofu na kumrudisha mtu kwenye shughuli zake. Shirika la Afya Duniani, lilipoueleza mpango huo mwaka 1993, lilitia neno ambalo sisi tunaliona kuwa kiini chake: mgonjwa airudie nafasi yake katika jamii kwa juhudi zake mwenyewe. Ikiwa ni kwa juhudi zake mwenyewe, basi hana budi aelewe anachokifanya.

Kuna ushahidi wa miaka mingi kwamba wanaoufuata mpango huo hurudishwa wodini mara chache zaidi kuliko wasioufuata. Shida ni kwamba mipango ya namna hiyo katika Afrika Mashariki ni michache, na iliyopo iko mijini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ipo Dar es Salaam, na kutoka hapa Isingiro hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,300. Bugando ipo Mwanza, ng'ambo ya Ziwa. Anayekwenda huko huuza kahawa au mbuzi, na anaporudi hawezi kwenda tena kila wiki eti akatembezwe kwenye ukumbi wa mazoezi.

Hata hivyo, umbali si hukumu. Huko Eldoret nchini Kenya, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, watafiti walijaribu utengamao wa namna mbili kwa wagonjwa ambao moyo umedhoofika. Wengine walifanya mazoezi hospitalini chini ya uangalizi, wengine wakayafanya nyumbani kwao kwa maelekezo waliyopewa. Kwa hiyo mpango wa nyumbani si ndoto. Lakini tuwe wakweli: mgonjwa aliye nyumbani hana muuguzi pembeni. Muuguzi wake ni yale maneno aliyoambiwa siku ya kutoka wodini. Yakipotea maneno, au yakieleweka visivyo, mpango wote umepotea.

Nayo hupotea. Mwaka 2003 mtaalamu wa Uholanzi, Roy Kessels, alichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mambo ambayo wagonjwa hukumbuka baada ya kuzungumza na daktari. Alieleza kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya maelezo husahauliwa papo hapo, na kwamba karibu nusu ya kile kinachokumbukwa hukumbukwa vibaya. Hao ni watu waliozungumza na madaktari katika nchi ambazo shule zimejaa. Basi asijione mjinga mtu yeyote hapa aliyefika nyumbani akakuta amesahau. Hofu, maumivu na haraka humsahaulisha hata mwalimu mkuu.

Tena kuelewa habari za afya si sawa na kujua kusoma. Yuko bibi asiyejua herufi moja, lakini anajua kila kidonge chake kwa rangi na saa, na anajua siku ya kwenda kliniki kuliko mjukuu wake aliye kidato cha nne. Yuko pia ofisa mwenye shahada aliyeacha dawa kwa sababu alipimwa akaambiwa presha iko sawa. Kuelewa ni kupata habari, kuipima kama ni ya kweli, na kuitumia pale jikoni au shambani. Jambo hilo si la mgonjwa peke yake. Mwenye kueleza naye ana sehemu yake, na pengine sehemu kubwa zaidi.

Tuanze na neno moyo lenyewe. Lugha yetu imelibebesha mengi: mtu ana moyo mgumu, moyo umeingia ubaridi, moyo haupendi. Mgonjwa anaposema moyo unamuuma, msikilizaji hudhani ana majonzi. Na mgonjwa mwingine, moyo wake wa nyama unapoumia kweli, husema ana kichomi, au vidonda vya tumbo, akanunua dawa ya tumbo dukani na kulala nayo. Maumivu ya kubana katikati ya kifua, yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, yakiambatana na jasho la baridi au kukosa pumzi, si ya kutafutia dawa ya tumbo. Ni ya kwenda kituo cha afya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na pikipiki inadai fedha zaidi.

Kisha kuna habari ya presha. Mitaani watu wamegawa presha mafungu mawili, ya kupanda na ya kushuka, na kila mtu hujihesabu katika fungu moja maisha yake yote. Kutokana na mgawanyo huo hutokea kosa ambalo limewalaza wengi. Mtu ameandikiwa dawa ya presha ya kupanda. Anakunywa mwezi mmoja, anapimwa, anaambiwa presha imeshuka. Anasikia neno "imeshuka", anaogopa kwamba sasa amehamia ugonjwa wa pili, anaacha dawa. Kumbe alichoambiwa ni habari njema: dawa inafanya kazi, aendelee nayo. Tungekuwa na uwezo tungewaomba watoa huduma wasilitumie neno hilo bila kuongeza sentensi moja: imeshuka mpaka pale tunapopataka, na itabaki hapo ukiendelea na dawa.

Neno jingine ni "damu nyepesi". Mtu aliyewekewa vali ya chuma hupewa warfarini ili damu isigande kwenye vali hiyo. Huelezwa, kwa nia njema kabisa, kwamba hii ni dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi. Katika masikio yetu damu nyepesi ni upungufu wa damu. Mgonjwa anarudi nyumbani na ndugu wanamhurumia: kwa nini wakupunguzie damu, nawe umetoka kupasuliwa? Wanamchemshia majani na mizizi ya kuongeza damu, naye taratibu anaiacha ile dawa. Ukweli ni kwamba warfarini haipunguzi damu hata tone. Huifanya ichelewe kuganda. Ikipungua mwilini, donge la damu laweza kuziba vali au kupanda kichwani likaleta kiharusi. Ikizidi, mtu hutoka damu puani, kwenye fizi, au hupata choo cheusi kama lami. Ndiyo sababu anayeitumia hupimwa damu kila mara kuona inaganda kwa kasi gani, na kipimo hicho si cha kurukwa kwa sababu mtu anajisikia vizuri.

Hapo pia huingia suala la mboga. Mboga za kijani kibichi, kama mchicha, kisamvu na majani ya maboga, zina vitamini inayovutana na warfarini. Wengi wakisikia hivyo huacha mboga kabisa, jambo ambalo hakuna aliyewaagiza. Kinachotakiwa ni uzani ule ule: kama umezoea mboga kila jioni, endelea nazo kila jioni, usile beseni zima wiki hii na wiki ijayo usiziguse. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa tunaongeza neno zito. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwenye kuitumia azungumze na daktari wake kabla ya kushika mimba, na ikitokea ameishika bila kupanga, aende hospitali haraka. Asiiache dawa mwenyewe nyumbani, kwa maana kuiacha ghafla nako ni hatari kwake.

Vijana wenye maradhi ya moyo yaliyotokana na homa ya baridi yabisi wanayo hadithi yao. Hao huandikiwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Mzazi humwona mtoto anacheza mpira na kuimba kanisani au msikitini, hujiuliza sindano ni ya nini. Ni ya kuzuia yule mdudu wa kooni asirudi na kuzila tena vali. Mtoto anacheza kwa sababu sindano inafanya kazi.

Sasa mazoezi. Mkulima akiambiwa "fanya mazoezi" hucheka kimoyomoyo, maana ameshika jembe tangu utoto. Na akiambiwa "pumzika", hulala kitandani miezi mitatu mpaka miguu ikasinyaa, huku wake na watoto wakimkataza hata kuchota maji ya kunawa. Yote mawili hayakukusudiwa. Moyo uliougua ni msuli, na msuli hurudishiwa nguvu kidogo kidogo. Kwa wengi huanza kwa kutembea njia tambarare, dakika 5 au 10, mara mbili kwa siku, kisha kuongeza dakika kila wiki kadiri mtaalamu alivyopanga. Tunasema tambarare kwa makusudi. Anayetengeneza vipeperushi mjini haujui mlima wa kwenda kisimani. Anaandika "tembea nusu saa", na hapa kwetu nusu saa yaweza kuwa kupanda kilima kizima na kushuka cha pili. Kwa hiyo ukiambiwa utembee, taja njia yako ilivyo. Sema: kutoka nyumbani hadi barabarani ni mteremko, kurudi ni kupanda. Mtaalamu akijua hivyo atakupangia vingine.

Kipimo cha kawaida hakihitaji mashine. Unapotembea uweze kuzungumza na mwenzako sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukishindwa kuzungumza, punguza mwendo. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au moyo ukienda mbio bila mpangilio, simama, kaa, na siku hiyo usiendelee. Maumivu yasipokwisha ukiwa umekaa, hilo ni la kituo cha afya.

Kwa waliopasuliwa kifua, wanaambiwa wasinyanyue kitu kizito mpaka mfupa uunge, muda ambao aghalabu ni wiki 6 hadi 12. Neno "kizito" ni la kupimwa kwa mazoea ya mtu. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani tangu akiwa msichana haioni kuwa nzito, bali huiona kuwa ni ndoo. Nayo ikijaa ina zaidi ya kilo 20. Mkungu wa ndizi waweza kufika hapo au kupita. Dumu la lita 5 lililojaa ni kilo 5, na wengi huambiwa wasivuke hapo. Basi familia iliyompokea mgonjwa wa namna hiyo ijue tangu siku ya kwanza nani atachota maji, nani atakata mkungu, na kwamba mjukuu wa miaka mitatu hataruka mapajani kwa bibi kwa miezi miwili.

Chakula tungeweza kukizungumza mpaka jua lizame. Tuchukue machache. Chumvi kwa mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai. Hesabu hiyo inajumuisha chumvi iliyomo ndani ya dagaa waliokaushwa na ndani ya vile vipande vya kiungo tunavyovunjia kwenye mchuzi. Mtu huweza kuapa kwamba ameacha chumvi, naye anasema kweli kuhusu mkono wake, ila si kuhusu chungu chake. Halafu ndizi. Ndizi ni chakula chetu, na kwa wagonjwa wengi ni chakula chema. Lakini zina potasiamu nyingi, na dawa kadhaa za moyo, zikiwemo enalaprili na spironolaktoni, huzuia mwili usiitoe potasiamu hiyo, hasa figo zikiwa dhaifu. Hatusemi mtu aache ndizi, na tunamsihi asiache kwa kusikia kwetu. Tunasema amuulize daktari: mimi nala ndizi mchana na jioni, je, damu yangu imepimwa potasiamu? Daktari aliyesomea ugali huenda asilikumbuke swali hilo asipoulizwa. Kuhusu kahawa, ya kunywa au ya kutafuna, kiasi kidogo hakijakatazwa kwa kila mwenye moyo. Ambaye moyo wake huenda mbio bila mpangilio na aulize kwanza.

Tuje sasa kwenye kununua, ambako ndiko ofisi kama yetu ina neno lake.

Dawa moja huwa na majina mawili. Lipo jina la dawa yenyewe, na lipo jina la biashara ambalo kiwanda kimeliweka kwa herufi kubwa. Viwanda kumi vyaweza kutengeneza dawa ile ile kwa majina kumi. Sisi tulio karibu na mpaka tunalijua hili kwa namna yetu. Ng'ambo ya Mto Kagera, ukivuka Murongo na kuingia Kikagati, kuna Isingiro nyingine, wilaya ya Uganda, na watu huvuka kwa ndoa, kwa misiba na kwa dawa. Mtu anavuka na kurudi na boksi la rangi nyingine na jina jingine, anaambiwa ni zuri kwa presha, naye anaanza kulitumia pamoja na lile alilopewa Nkwenda au Kayanga. Huenda yote mawili ni dawa moja. Amekunywa dozi maradufu bila kujua. Kinga yake ni kutafuta yale maandishi madogo chini ya jina kubwa, au kumwomba muuzaji ayasome, na kuyalinganisha na boksi la zamani. Kwa hiyo boksi la zamani lisitupwe wala lisiwashiwe moto.

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia kama kifungashio kimefunguliwa. Nunua famasi au kwenye duka la dawa muhimu lenye kibali, udai risiti, na uiweke. Dawa ya moyo iliyoanikwa juani kwenye meza ya mnada, hata iwe nusu ya bei, usiinunue. Ukitilia shaka dawa, itunze pamoja na boksi lake na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au umwambie mfamasia wa halmashauri.

Ziko dawa mbili tatu zinazouzwa kila duka kama peremende, nazo ni adui kwa baadhi yenu. Diklofenaki na ibuprofeni, tunazozimeza baada ya siku ya kulima, hubakiza maji mwilini na kuzidisha mzigo wa moyo dhaifu, na kwa anayetumia warfarini huongeza hatari ya kutoka damu. Ukifika dukani na mgongo unaouma, neno lako la kwanza liwe: "Mimi ni mgonjwa wa moyo, natumia dawa hizi." Mwuzaji mwema atakutafutia nyingine. Tena, tukiwaomba radhi wazee kwa kulitaja mbele za watoto, zipo zile dawa za kuongeza nguvu za kiume. Anayewekewa kidonge chini ya ulimi kwa ajili ya maumivu ya kifua, akichanganya na dawa hizo, presha yaweza kuanguka hadi akapoteza maisha. Zinazouzwa kwa kificho, hata ziitwe za asili, mara nyingine huchanganywa na dawa za viwandani bila kuandikwa. Swali la tendo la ndoa baada ya ugonjwa wa moyo ni swali halali, na wataalamu wanalo jibu. Kwa wengi huruhusiwa pale mtu anapoweza kupanda kilima kifupi kwa mwendo wa haraka bila maumivu wala kukosa pumzi. Ni afadhali kulisema chumbani kwa daktari kuliko kulinunua gizani.

Wauzaji wa dawa za kusafisha mishipa, na wenye vimashine vinavyodai kusoma mwili mzima kwa kushikwa kiganjani, wanajua kuongea kuliko madaktari. Tukiri hilo. Wanakaa na mgonjwa nusu saa, wanamwita mama kwa upole, wanaeleza kwa lugha ya nyumbani, wakati aliyesomea amempa dakika nne. Ndiyo sababu wanauza. Lakini hakuna mashine ya kiganjani inayouona mshipa wa moyo, na hakuna chupa inayouzibua. Ukiambiwa uache dawa za hospitali ili hiyo chupa ifanye kazi, umekwisha kujua unazungumza na nani.

Dawa nyingine huachwa kwa sababu ndogo ambazo hakuna aliyemwuliza mgonjwa. Dawa ya kukojosha, furosemidi, huachwa siku ya safari, kwa kuwa basi halisimami kila saa, na mtu mzima hawezi kuaibika mbele ya abiria. Ni sababu ya busara kabisa. Lakini mwulize daktari, atakwambia kama waweza kuimeza ukishafika. Enalaprili humletea mtu kikohozi kikavu, naye hununua dawa ya kifua miezi miwili, kisha huiacha enalaprili kimya kimya. Ipo dawa mbadala isiyokohoza, lakini haibadilishwi kwa asiyesema.

Wenye moyo dhaifu huambiwa wajipime uzito kila asubuhi, na uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 waende kituoni, maana hayo si mafuta bali ni maji. Nyumba nyingi hazina mizani. Asiye nayo abonyeze kifundo cha mguu kwa kidole gumba kila jioni, aone kama shimo linabaki. Aangalie kama kandambili zimeanza kubana. Ahesabu mito anayolalia: aliyekuwa akilala kwa mto mmoja na sasa anahitaji mitatu ili apumue, asingoje siku ya kliniki.

Tumebakiza jambo ambalo, kama mtasahau mengine yote, tungependa mlichukue. Katika mila zetu mtu mwenye adabu hambishi mkubwa. Daktari akiuliza, "Umeelewa?", sisi hujibu, "Ndiyo, daktari," kwa heshima, hata kama hatukushika kitu. Naye anachukua ile heshima akaihesabu kuwa uelewa, anaita mgonjwa mwingine. Wote wawili wametenda kwa adabu, na mgonjwa ameondoka mikono mitupu.

Iko njia ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Usiseme kwamba hukuelewa kama hupendi kusema hivyo. Sema: "Daktari, naomba nikurudishie maneno yako, unisahihishe, ili nikawaeleze wa nyumbani." Kisha eleza kwa lugha yako: hiki cheupe asubuhi, hiki cha njano usiku, nisibebe ndoo, nirudi baada ya wiki 4, na miguu ikivimba nisingoje. Ukikosea atakusahihisha hapo hapo, mbele yako. Wauguzi waliofunzwa vizuri huanza wao wenyewe kwa kumwuliza mgonjwa, "Ukifika nyumbani utamwelezaje mkeo?" Ukimpata wa namna hiyo, usidhani anakupa mtihani. Anajipima yeye mwenyewe kama ameeleza vizuri.

Kama Kiswahili cha hospitali kinakupita, omba uelezwe kwa Kinyambo, au umwombe ndugu aliyekusindikiza aingie nawe. Huombi hisani. Omba majina ya dawa yaandikwe kwa herufi zinazosomeka, siyo mwandiko wa haraka. Uliza gharama za kipimo kabla ya kupimwa, na kama una bima, uliza kipimo hicho na dawa za kila mwezi zimo au hazimo. Usipohudumiwa inavyostahili, vituo vya umma vina sanduku la maoni na mganga mfawidhi, na namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa maswali na malalamiko.

Tunaishia hapa ili ibaki nafasi ya maswali. Tuliwaomba mje na mifuko yenu ya dawa, yote, pamoja na zile za dukani, zile za ng'ambo na zile za mitishamba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamekaa pale chini ya mwembe na madaftari. Kila mmoja aende na mfuko wake, amwagie dawa mezani, aeleze kwa maneno yake kila moja ni ya nini na huimeza saa ngapi. Waliokuja bila mfuko na waanze kwa kutaja wanazozikumbuka, na mjukuu apande pikipiki akalete zilizobaki nyumbani.